Mkufunzi Aliyetufundisha Kulala

Mtu wa kwanza kuniamuru nijionee huruma ndiye huyo huyo aliyenizaba kofi la kwanza kazini. Kofi lilikuja asubuhi, kwa kosa la kukunja mpira wa zimamoto ukiwa bado na maji ndani. Amri ya huruma ikaja jioni yake, shavu likiwa bado lina moto. Ndivyo alivyokuwa. Kituo kizima tulimwita Mkufunzi, na mpaka leo nikisikia mtu mwingine anaitwa hivyo, huona kama ameliazima jina tu.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ndogo isiyolingana kabisa na kifua kile. Alipenda chai yenye sukari nyingi, lakini sukari ya kituo aliifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Kwenye drafti alihamisha kete ukigeuka kukohoa, na ukimshika alikana kwa uso wa mtu aliyetoka kuswali sasa hivi. Mimi Mnyamwezi na yeye Mzaramo, watani, kwa hiyo niliruhusiwa kumwambia kweupe kwamba ni mwizi. Wenzangu walinyamaza kwa heshima, wakafungwa kila mchezo.

Kukunja mpira na kupanda ngazi wengi waliweza kutufundisha. Kilichomfanya yeye kuwa Mkufunzi ni lile darasa lake tulilolibatiza darasa la pole.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara milango. Bidhaa ambazo zamani tulizisikia tu redioni ziliingia bandarini kwa makontena, na Kariakoo ikazimeza zote. Magodoro ya sponji, nguo za nailoni, rangi za nyumba, ndoo za plastiki. Zilijazwa dukani, zikajazwa kwenye korido, kwenye ngazi, mpaka chini ya vitanda vya wenyewe. Madirisha yakafungwa nondo kwa kuogopa wezi. Basi nyumba ikishika moto, moshi ulikuwa mzito kama lami na watu hawakuwa na pa kutokea. Sisi tulikuwa wale wale, na gari letu lile lile. Tulipokewa kwa mawe. Tenki likiwa limejaa mpaka linamwagika, bado watu walipiga kelele kwamba tumekuja bila maji.

Usingizi ukaanza kutukimbia. Dereva wetu alikuwa akiamka ameshika usukani ambao haupo. Mwingine aligeukia pombe ya gongo ili alale, na akalala kweli, mpaka kwenye gwaride. Na ukimuuliza yeyote kati yetu habari za kazi, jibu lilikuwa moja: kawaida tu. Mtu ametoka kubeba maiti, kawaida tu. Mkufunzi alilichukia neno hilo kuliko alivyochukia petroli.

Kwa hiyo kila tukirudi kutoka kwenye moto, kabla ya kula, alitukalisha sakafuni kando ya gari. Kila mmoja alitaja kitu kimoja alichokiona siku hiyo. Aliyekaa kuliani kwake alimpa pole. Aliyepewa hakuruhusiwa kusema kawaida, alitakiwa aseme "nimepokea," halafu akae kimya mpaka pole ile imfike.

"Kutoa mnajua sana," alituambia. "Mtu akijikwaa tu, mnampa. Kupokea ndiyo hamjui. Inapita masikioni inaenda zake."

Baada ya hapo tuliweka mkono kifuani na kutakiana usingizi. Unaanza na wewe mwenyewe: nilale salama. Unamtakia mwenzako wa kulia. Unamtakia aliyeunguliwa. Wa mwisho kabisa unamtakia yule aliyekurushia jiwe. Hapo kwenye jiwe ndipo tulipogoma.

"Afande, huyo mimi simtakii," dereva alisema. "Akeshe."

"Sawa. Akikesha yeye, wewe utalala?"

"Nitajaribu."

"Umejaribu tangu Ramadhani. Hebu tuambie umefikia wapi."

Tulicheka, dereva mwenyewe akacheka, na jioni ile akamtakia mtu wa jiwe usingizi kwa sauti ya mtu anayelipa faini. Haikuchukua muda mrefu dereva akaanza kukoroma, tukaanza kulalamika kwa sababu nyingine.

Kulikuwa pia na zoezi la kugeuzana. Mmoja wetu alikuwa mwenye nyumba, mwingine mzimamoto. Mwenye nyumba anatukana, mzimamoto anasikiliza bila kujitetea, macho yakiwa kwa anayemtukana. Siku ya zamu yangu ya kutukana nilifurahi sana, maana aliyekuwa mbele yangu ni Mkufunzi mwenyewe na nilikuwa na kofi la kulipiza. Nilimwaga matusi ya Tabora na ya pwani. Katikati yake nikaanza kulilia godoro lililoungua. Sikuwa na godoro lolote lililoungua. Nililia mpaka kamasi, naye alisimama tu, ananitazama, wala hakunigusa mpaka nilipomaliza. Wiki ile nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau tangu utotoni.

Wakubwa ofisini walisema hayo ni mambo ya kike. Mke wa Mkufunzi alikuwa nesi, kwa hiyo huenda waliona dawa imetoka huko, na sisi pia tulidhani hivyo. Yeye aliwajibu "ndiyo afande" kwa utiifu wote, akarudi kutukalisha sakafuni.

Yalikuwepo makosa katika darasa lile, na kosa kubwa lilikuwa mwalimu. Zamu ya kupewa pole ikimkaribia yeye, alikumbuka pampu. Aliinuka, akaenda kugusagusa pampu nyuma ya gari, na aliporudi zamu ilikuwa imempita. Sote tuliona. Nilimtania mara moja kwamba pampu ile lazima ni mke wa pili, akacheka, na siku iliyofuata pampu ikamwita tena. Naye hakuwa na usingizi. Kitandani hakuna kitu, alisema. Alilala mahali pamoja tu, mtaa wa Gerezani, kwa rafiki yake fundi wa bodi za magari. Ukitumwa kumwita mchana ulimkuta kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, mdomo wazi, na nyundo zinagonga mabati karibu naye. Nadhani kelele zilimtosheleza, akawa hana haja ya kusikiliza king'ora.

Kesho yake baada ya kila moto mkubwa alituvalisha sare tukaenda kwa miguu kwa walioungua. Hatukuwa na maneno mengi. Tuliingia, tukatoa pole, tukakaa, tukanywa maji au kahawa tuliyopewa, tukaaga. Kama kuna aliyefariki tulikwenda kuzika. Tulibeba majeneza ya Waislamu na ya Wakristo, tukapanga mstari nyuma ya ndugu. Mtu aliyetupiga jiwe jana alitupa kiti leo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba darasa la sakafuni lilikuwa nusu tu ya dawa. Nusu nyingine ilikuwa kumwona aliyeunguliwa akiwa hai, anapokea wageni, anauliza kama tumekula.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka.

Siku hizo njia za miguu za Kariakoo zilikuwa zimejaa meza na vibanda, na mabomba ya zimamoto, yale tunayochotea maji barabarani, yalimezwa humo humo. Agizo lilikuwa jepesi: ukiona kibanda juu ya bomba, toa taarifa kibomolewe. Kwenye kona moja alikuwapo mama ntilie, mwenyeji wa Ikwiriri, ambaye mumewe alikuwa amepunguzwa kazi bandarini. Nyumba nzima ilikula kwa sufuria zake. Mkufunzi hakutoa taarifa. Alikwenda, akaagiza chai, akamwambia kwa upole, "Mama, weka meza tu na mwavuli. Siku ya moto unanyanyua, sisi tunachota."

"Hewala, baba," alijibu.

Na kweli aliweka meza. Masika ilipoingia akasimamisha nguzo. Nguzo zikaezekwa bati. Matope yalipomsumbua miguuni akamwaga sakafu ya saruji. Mkufunzi aliyaona yote hayo, moja baada ya jingine, na kila mara alisema atazungumza naye wiki ijayo, kwanza amalize ada ya mtoto, kwanza mume apate kibarua. Sisi sote tuliona. Tulikaa kwenye benchi lake, miguu juu ya saruji ile, tukila chapati.

Moto ulitokea asubuhi, mtaa ule ule. Duka la kanga na vitenge chini, juu wanakaa wenye duka, familia ya Kihindu, mama mzee akiwa peke yake kwa sababu mwanawe alishateremka kufungua duka. Tulifika mapema. Maji ya tenki yakaisha, tukakimbilia bombani, tukakuta kibanda. Mama ntilie hakungoja kuambiwa. Alimwaga supu barabarani, akayang'oa mabati kwa mikono mitupu mpaka damu ikamtoka. Lakini saruji haing'olewi kwa mikono. Namkumbuka Mkufunzi amepiga magoti, anaipasua kwa shoka. Maji yalipotoka paa lilikuwa limeshaanguka, na maduka mawili ya jirani yalikuwa yanawaka. Bibi tulimkuta baadaye.

Saa ile ile mtaani ikasemwa kwamba mama ntilie amemuua mama wa Mhindi. Kibanda chake walikimalizia watu, si askari wa jiji. Hakuna aliyemuuzia mkaa tena, hakuna aliyekaa kwenye benchi lake, na watoto walimwita muuaji akipita. Mumewe akafunga mizigo wakarudi Ikwiriri. Mkufunzi aliwaambia wakubwa kwamba kosa ni lake yeye, nao wakamwambia asiwatafutie maneno na magazeti. Mtaani hakuona wa kumwambia.

Kwenye maziko ya yule bibi tulikwenda kama kawaida yetu, tumevaa sare, yeye mbele. Wahindu huchoma maiti zao, tulijua, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Tulipofika langoni tukaziona kuni zimepangwa, na bibi amelazwa juu yake, maua kifuani. Mkufunzi akasimama.

"Siwezi kumwona anaungua tena," alisema.

Akageuka. Na sisi aliokuwa ametufundisha kwamba mwenzako akitoka kwenye moto usimwache atembee peke yake, tukageuka naye. Nilitazama nyuma mara moja. Mtoto wa marehemu, amevaa nyeupe, alikuwa ameinua uso anatutazama migongo. Nasikitika kwa mambo mengi ya kazi ile, lakini siku ile ya kurudi nyuma naisikitikia kuliko zote, kwa sababu ilikuwa rahisi sana kuingia. Lango lilikuwa wazi.

Tulisema tutakwenda nyumbani kwao kesho. Kesho yake Mkufunzi alikuwa na homa. Wiki iliyofuata alikuwa na mafunzo. Tukaacha kuuliza.

Darasa la pole liliendelea, na nitasema ukweli, likawa zuri kuliko zamani. Vijana wapya waliokuja walilala vizuri. Alijua sasa anachokizungumza. Ila mwenyewe alikonda, na yule fundi wa Gerezani aliniambia kiti kile cha gari bovu kimekaa kitupu, siku hizi rafiki yake anakuja, anakaa pembeni, anatazama nyundo tu. Kupunguzwa kazi kulipotufikia na sisi, jina lake lilikuwamo. Tulimwandalia soda na pilau. Aliposimama kushukuru alitutakia usingizi mmoja mmoja, akamsahau mmoja, naye alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa zamu, nywele zimeanza kuniaga, nilipomkuta Mnazi Mmoja asubuhi moja, ametulia kwenye ukingo wa uwanja na fimbo yake. Shati limepigwa pasi, viatu vimeng'aa. Nikajua anakwenda mahali.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, mbeba mizigo. Bado wanakulipa mshahara bure?"

"Wananilipa kwa kuficha kete zisiibwe. Unalala siku hizi?"

"Daktari amenipa vidonge. Vinalala vyenyewe, mimi nabaki macho." Halafu akanyoosha fimbo kuelekea Kariakoo. "Nataka kwenda kwa yule mwenye kanga. Kila nikitoka nyumbani nafika ile kona, nageuka. Leo sijui kama nitageuka. Nisindikize."

Nilimsindikiza. Kwenye kona alisimama kweli, nikamshika kiwiko kama ninavyomshika mtu kwenye ngazi yenye moshi, akavuta hatua. Ghorofa lilikuwa jipya, duka lile lile. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta, kichwa cheupe sasa, anapima kitambaa. Aliinua macho, akamtambua kabla hatujasema kitu. Aliweka mkasi chini.

"Mzee wa zimamoto," alisema. "Karibuni. Karibuni ndani."

Tukakaa kwenye marobota. Mkufunzi alishika fimbo kwa mikono miwili. "Nimekuja kukupa pole ya mama," alisema. "Bomba lilikuwa chini ya kibanda na mimi nilijua. Nilimwonea huruma yule mama ntilie, nikamwua mama yako."

Mwenye duka aliwaambia vijana wake watoke nje.

"Mzee, hukumwua," alisema. "Mama alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa anasali, moyo ukasimama, akaangukia taa ya samli. Moto ulianzia pale. Daktari aliniambia siku ile ile, kifuani mwake hamkuwa na moshi hata kidogo. Alishakata roho moto haujawaka."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Nilitaka kuwaambia nyinyi, pale mtakapokuja nyumbani. Watu waliniambia zimamoto huwa wanakuja. Niliweka viti siku zote za matanga." Alipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Nje sikusema. Maduka ya majirani yameungua kwa taa ya mama yangu, mzee. Niliogopa watu. Nikasema wakija zimamoto nitawaambia, wao watajua la kufanya."

Nilimtazama Mkufunzi nikitegemea kuona mzigo unashuka. Nilikosea. Uso wake ulikuwa unazidi kuwa mzito, na nilipoelewa kwa nini, nikataka kutoka nje.

"Kumbe yule mama wa kibanda," alisema, "hakuua mtu."

"Hapana," alijibu mwenye duka.

"Alifukuzwa bure."

Mkufunzi akajikusanya, akasimamia fimbo. "Mabasi ya Ikwiriri siku hizi yanapandiwa wapi? Mbagala? Nikitoka sasa hivi nitafika na jua. Nataka nimwambie mwenyewe, mbele ya watu wa kwao."

Alinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa bado kazini mjini, wa kujua mabasi. Nami nilikuwa najua zaidi ya mabasi. Mwaka mmoja nyuma muuza mkaa wa kona ile, aliyetoka upande mmoja na yule mama, alinipa habari zake tukiwa tumesimama barabarani, na nilisema masikini, nikaendelea na safari yangu.

"Afande, kaa," nilimwambia. "Kaa kwanza." Alikaa. "Yule mama amefariki. Mwaka jana, huko huko kwao. Nasikia hakupika tena."

Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua. Hakujificha wala hakuinuka. Machozi yalishuka kwenye shati lile lililopigwa pasi, naye akayaacha yashuke, mikono imebaki kwenye fimbo. Mwenye duka alikwenda mlangoni, akateremsha shata katikati ya asubuhi ya biashara, wateja wakiwa wamesimama nje. Akarudi, akafungua kijikabati cha ukutani penye picha ya mama yake na taa ndogo ya shaba. Akamimina samli, akaweka utambi. Kibiriti kikiwa mkononi, akatugeukia.

"Nitamwombea na yeye," alisema. "Lakini kwetu lazima nimtaje. Jina lake nani?"

Mkufunzi alifungua mdomo, kisha akanitazama mimi. Tulikuwa tumekunywa chai yake miaka yote ile, tukimwita mama ntilie, lete chai, mama ntilie, ongeza sukari. Mwenye duka alisubiri na kibiriti chake, akitutazama kwa zamu, mpaka akaelewa kwamba hatulijui.